Chama cha askari wastaafu kinapungua: tuwaingize vijana na wajane, au tukifunge?

*Mimi ni katibu wa kikundi cha askari wastaafu hapa wilayani Masasi. Tulianza mwaka 1989 tukiwa 46, karibu wote tulikuwa vitani Kagera na wengine baadaye tulipelekwa Msumbiji. Leo tumebaki 17, na mdogo wetu ana miaka 66. Kazi yetu kubwa ni kuzikana: akifariki mwenzetu, kila mmoja anatoa 5,000. Benki tuna 2,140,000. Wajane 11 wa wenzetu wanaomba wasiachwe. Wapo pia vijana kama 14 waliotumikia Darfur, Kongo na Lebanon, wameshatoka jeshini, lakini mikutanoni hatuwaoni. Baadhi ya wazee wanasema chama ni cha waliopigana vita, tukifungua mlango tutamezwa na fedha yetu italiwa. Wengine wanasema tukiufunga tutakufa nacho. Tufanyeje, na tuanzie wapi?*

Mzee wangu katibu, shikamoo.

Mmekwama kwa sababu mnajibu maswali matatu kwa mpigo: nani aitwe askari wa zamani, nani apige kura, na nani alipwe akifiwa. Mzee anayekataa vijana huenda anaogopa la tatu tu, ila analisemea kwenye la kwanza kwa kuwa ndilo lenye heshima. Yatenganisheni, kila moja liwe na ajenda yake na ikiwezekana siku yake. Mtashangaa namna ubishi unavyopungua.

Tuanze na la fedha, maana ndilo linaloua vikundi vya namna hii, hata visivyo na ugomvi wowote.

Utaratibu wenu wa kuchangishana kila msiba ulikuwa mzuri mlipokuwa 46. Akifa mmoja, 45 wanatoa 5,000, familia inapata 225,000. Leo akifa mmoja wanabaki 16, familia inapata 80,000. Ili ipate kile alichopata wa kwanza, kila mzee angetoa zaidi ya 14,000. Na misiba haipungui kwa kuwa nyinyi mmepungua. Inaongezeka, kwa sababu wote mmezeeka pamoja. Wachangiaji wanashuka huku misiba inapanda, kwa hiyo hata mkiwa waaminifu kama nini, wa mwisho wawili watatu watakuwa wamezika wenzao wote na hakutakuwa na wa kuwazika wao. Wazee wanaotaka mlango ufungwe waonyesheni hesabu hii ubaoni, bila maneno mengi.

Lakini msikimbilie kudhani kwamba vijana ndio dawa. Hapo vikundi vingi huteleza. Kijana wa miaka 42 yeye mwenyewe hafi leo, ni kweli, ila ana baba, mama na wakwe wawili. Mkikubali walipwe kwa wazazi na wakwe wote bila kikomo, vijana 14 wanaweza kuwaletea watu 50 wenye umri kama wenu. Ndani ya miaka miwili mtajikuta mnazika wakwe wa watu msiowajua, na wazee watasema "si tuliwaambia?" Upande wa pili, mkikataa kabisa kulipia wazazi, kijana atauliza kwa haki: nitoe fedha miaka thelathini nikizika wazee, mimi napata nini? Hataingia. Au ataingia, atatoa miezi mitatu, kisha simu yake itakuwa haipatikani.

Kwa hiyo achaneni na mchango wa kila msiba, wekeni ada ya mwaka yenye malipo yaliyoandikwa. Chukueni mfano huu mwubadilishe mtakavyo. Wazee 17, wajane 11 na vijana 14 ni watu 42. Ada ikiwa 24,000 kwa mwaka, inapatikana 1,008,000. Malipo yawe 200,000 akifariki mwanachama, 100,000 akifariki mwenza wake, 60,000 akifariki mtoto wake aliye chini ya miaka 18 au mzazi aliyeandikwa. Kila mwanachama aandike majina ya wazazi au wakwe wasiozidi wawili, siku anayojiunga, na asibadilishe jina mpaka mwaka uishe. Mwenye wake wawili aongeze 6,000 kwa mke wa pili. Hilo lisemwe wazi mapema, lisije kuibukia msibani.

Mwaka wa kawaida wa kundi la umri wenu unaweza kuwa na misiba ya wanachama watatu (600,000), mwenza mmoja (100,000) na wazazi watatu (180,000). Jumla 880,000. Zinabaki 128,000. Ni kidogo, sitakuficha. Mwaka ukiwa mbaya wakaondoka wanachama sita, mfuko utakuwa na deni. Ndiyo maana unahitaji akiba ya kuanzia, na hapo ndipo zinapoingia zile 2,140,000.

Kwenye fedha hizo kuna dhana moja ya kurekebisha: kwamba ni mali ya wazee 17. Waliotoa walikuwa 46. Sehemu ya fedha hizo ililetwa na marehemu, na wake zao ndio hao 11 mnaojadili kama "watu wa nje". Kwa sababu hiyo sishauri mgawane, hata kama katiba yenu inaruhusu. Mkigawana mtapata kama 126,000 kila mmoja, zitaisha kabla ya msimu, na mjane yeyote mwenye mtoto anayejua kusoma daftari la zamani atakuwa na hoja dhidi yenu. Sishauri pia kuwatoza vijana kiingilio cha 126,000 ili "walingane" nanyi. Kwenye karatasi ni haki, ila hakuna atakayelipa.

Njia ninayoiona bora ni kuzizungushia uzio. Andikeni kwamba katika 2,140,000, kuna 1,400,000 za waasisi: kila mmoja kati ya wazee 17 na wajane 11, siku yake ikifika, familia inaongezewa 50,000 juu ya malipo ya kawaida. Watu 28 mara 50,000, hesabu inafunga. Zinazobaki 740,000 ziwe akiba ya kuanzia ya mfuko mpya. Ukijumlisha na ada ya mwaka wa kwanza mna 1,748,000, na hata ule mwaka mbaya wa misiba sita ya wanachama, mwenza mmoja na wazazi watatu utakula 1,480,000. Mtabaki mmesimama. Wekeni na kifungu kwamba salio likishuka chini ya 500,000, malipo yote yanapungua kwa nusu mpaka mkutano ukae. Watu huchukia kifungu hicho kikiandikwa, na hukishukuru siku kinapotumika.

Wapya wasilipwe kabla ya miezi sita kupita tangu walipe ada. Bila hilo, mtu atajiunga Jumatatu mama yake akiwa mahututi. Mjane ambaye mumewe alifariki akiwa hana deni asisubiri chochote, mumewe alishasubiri kwa niaba yake.

Ada ikusanywe lini? Siyo Februari, siyo Juni wakati watu wanatafuta fedha ya kupulizia mikorosho. Ikusanywe Novemba na Desemba, malipo ya minada yakishaingia kwenye akaunti za wakulima. Asiye na mikorosho, au mjane anayeishi kwa vitumbua, alipe 2,000 kila mwezi. Msimsamehe mtu ada moja kwa moja kwa huruma. Asiyelipa ndiye wa kwanza kunyamazishwa mkutanoni, na wajane wakianza kwa kusamehewa watamalizia kwa kuambiwa wakae kimya.

Na kwa kuwa wengi wetu huku Kusini tunazika siku hiyo hiyo, fedha inayotoka baada ya kikao cha kamati haimsaidii mfiwa. Mhazini awe na ruhusa ya maandishi kutoa 100,000 kwa simu ndani ya saa chache, kwa kuthibitishiwa na viongozi wawili, na zilizobaki zilipwe ndani ya siku 14.

Sasa kura. Hofu ya "kumezwa" ina ukweli ndani yake, ila inapimika. Mkiwa 42, kubadili katiba kwa theluthi mbili kunahitaji kura 28. Vijana na wajane wote wakiungana ni 25, hawafiki bila wazee watatu. Leo mko salama. Baada ya miaka michache wazee mkibaki tisa, chama kitakuwa na watu 34, theluthi mbili ni 23, na wale 25 wanaweza kubadili lolote. Kwa hiyo andikeni sasa, mkiwa bado na nguvu, vifungu vichache visivyobadilishwa bila robo tatu ya kura pamoja na idhini ya wazee walio wengi kati ya waliobaki: jina la chama, fedha za waasisi, na kumbukumbu ya kila mwaka ya mashujaa. Mengine yaacheni wazi. Mkilinda kila kitu, vijana wataona wamekaribishwa kwenye nyumba ambayo hata kiti hakihamishwi.

Uongozi uwe wa miaka mitatu, usiozidi vipindi viwili. Mwenyekiti wa maisha ndiye sababu kubwa kuliko zote ya vijana kutokuja, kuliko hata mnavyofikiri kwamba hawana adabu. Sababu ya pili ni saa. Kijana aliyetoka jeshini ana bodaboda au duka, au analinda ghala. Mkutano wa Jumatano saa tatu asubuhi unamwambia asije. Jumapili alasiri wanakuja. Ya tatu ni cheo: mtu aliyestaafu sajenti hapendi kuamriwa kama kuruta na mzee aliyestaafu koplo, na mzee naye hapendi kusahihishwa na mtoto. Kwenye chama kila mtu ni mwanachama. Heshima ya umri inatosha, na kwetu ipo tele.

Nije kwenye swali la nani ni askari wa zamani. Hoja kwamba walinda amani "hawakupigana vita" haisimami. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na wakafa wasiopungua 14 kwa siku moja. Waliorudi kutoka huko hawahitaji kuthibitishiwa na mtu. Halafu jiulizeni wenyewe: vita vya Kagera vya 1978 na 1979 walipigana wanajeshi peke yao? Mgambo walikuwepo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Kama katiba yenu ya 1989 iliwakubali mgambo wa Kagera, tayari mlishakubali kwamba utumishi ndio kipimo. Kama iliwakataa, huu ndio wakati wa kulitazama upya, maana baadhi yao wanaishi nanyi kijiji kimoja.

Ninavyoshauri, pawe na aina mbili tu. Mwanachama kamili ni askari aliyetoka jeshini kwa utaratibu, na mwenza wa askari aliyefariki. Andikeni "mwenza", siyo "mjane": wanawake wametumikia JWTZ miaka mingi na waume zao nao hufiwa. Mjane awe mwanachama kwa jina lake, siyo kwa kadi ya marehemu, na akiolewa tena abaki. Marehemu akiacha wake wawili, kila mmoja anajiunga na kulipa mwenyewe. Aina ya pili ni wanafamilia: watoto waliofikisha miaka 18, na wake au waume wa askari walio bado kazini. Hawa wanashiriki shughuli na kazi za kamati, ila hawapigi kura ya katiba na hawamo kwenye mfuko mpaka waombe na kulipa. Askari aliye kazini mwenyewe msimwandikishe hata akiomba. Ana taratibu za jeshi zinazomfunga.

Angalieni na kifungu kimoja ambacho nina hakika mnacho, kwa kuwa karibu kila katiba ya kikundi inacho: asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo amejifuta. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Mkikutana kila mwezi, mnamfuta akiwa ndani ya eda ya mwenzenu. Ongezeni maneno "isipokuwa aliye katika eda, mgonjwa au anayeuguza", na mruhusu atume mwakilishi.

Uthibitisho wa utumishi: mtu alete barua ya kustaafu au cheti cha kumaliza utumishi, katibu aione, aandike namba yake ya jeshi kwenye daftari, amrudishie. Msitunze nakala, na msithubutu kutuma namba hizo kwenye kundi la WhatsApp. Matapeli wanaowapigia wastaafu wakijifanya watu wa mafao hutafuta taarifa za aina hiyo hiyo. Aliyepoteza karatasi aende kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni ofisa wa JWTZ na ndiye mlango wenu wa karibu kwa mambo ya jeshi. Familia nazo zijue mapema kwamba barua ya chama haimpatii mtoto nafasi JKT wala jeshini. Siku mtakapoanza kuandika barua hizo, zitaanza kuuzwa.

Jambo la mavazi linaonekana dogo na huleta kesi kubwa. Vijana watapendekeza fulana za mabaka, na watoto wa marehemu watataka kuvaa kombati ya baba siku ya kumbukumbu. Kataeni. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye sare au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Shoneni kitenge au fulana ya rangi moja yenye jina la chama, inatosha.

Kama mnatafuta shughuli ya kuyaunganisha makundi yote matatu, mnayo karibu. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamelala askari waliofia upande wa Msumbiji. Wapo ambao ndugu zao wako mbali. Chama kinachokwenda pale kila Julai 25, wazee wakitaja majina wanayoyakumbuka, wajane na watoto wakifagia, vijana wakikodi gari, kitakuwa kimejieleza kwa watu wote wilayani bila hotuba. Ombeni kibali mapema kupitia huyo huyo Mshauri wa Mgambo.

Kuanzia wapi? Benki, kabla ya kitu kingine chochote. Tazameni watia saini wa akaunti. Kwa vikundi vya umri wenu, mara nyingi wawili kati ya watatu wameshafariki na hakuna aliyebadilisha, na fedha inakwama hapo hapo inapohitajika. Itisheni mkutano, andikeni muhtasari wenye saini za waliohudhuria, chagueni watia saini watatu, mzee, mjane na kijana, mpeleke benki pamoja na barua ya utambulisho. Kisha wekeni mkutano wa hesabu, halafu wa uanachama, na wa mwisho wa kura. Mkianza baada ya msimu wa korosho mtamaliza kabla ya kupulizia.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, nendeni ofisini. Kama chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, mabadiliko ya katiba hayafanyi kazi mpaka yamfikie Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama ni kikundi cha halmashauri, Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye wa kuanza naye, na apitie rasimu kabla hamjaipigia kura. Mkiamua kukopeshana, hata kidogo, mnaingia kwenye sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, ambako kikundi cha kijamii kinapaswa kuwa na watu 10 hadi 50. Mkiwa 42 mna nafasi nane tu, kwa hiyo mimi ningeuacha mfuko wa misiba bila mikopo.

Mjane ambaye hajafungua mirathi msimsaidie kwa kumwandikia barua za kuomba mafao. Mpelekeni Mahakama ya Mwanzo au kwa msaidizi wa kisheria, na akiteuliwa kusimamia mirathi mkumbusheni kwamba orodha ya mali inatakiwa mahakamani ndani ya miezi minne. Mzee ambaye pensheni yake imesimama kwa kukosa uhakiki aende Hazina Ndogo Mtwara na kitambulisho chake cha pensheni na cha taifa. Msikubali mtu wa kati wa kulipwa "asilimia".

Na kuna vijana ambao hawaji kwa sababu hawalali. Anashtuka mlango ukigongwa, anafoka ndani ya nyumba, msimu wa mabibo ukifika hatoki kwenye uraka, pombe ya mabibo. Wazee waliotoka Kagera wanaijua hali hiyo hata kama hawakupewa jina lake. Msimfanyie kikao cha nidhamu. Mzee mmoja amfuate kwake, na kama hali imekaa zaidi ya mwezi amsindikize hospitali: Ndanda ni karibu nanyi, au Ligula mjini Mtwara. Akizungumzia kujidhuru, au mke akisema anaogopa kulala naye nyumba moja, msisubiri kliniki ya wiki ijayo. Apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake njiani, na mke na watoto walale kwa ndugu mpaka daktari amwone.